Homa Ambayo Hukuwa Nayo

Mwamini mwanangu,

Uko kwa mama mkubwa wako unasukwa nywele, na ninavyoijua mikono ya dada yangu, hutarudi kabla ya jua kushuka. Baba yako amepeleka moto, pikipiki yake, kwa fundi ibadilishwe cheni kwa ajili ya safari ya kesho ya Kindu, ambako utapanda boti kwenda kusoma Kisangani. Nimebaki na nyumba peke yangu, na daftari lako la kemia lina kurasa tupu nyuma. Nitaandika humo, nitazichana, nitazitia chini ya nguo zako. Utazisoma ukiwa umeshapita Kindu na huwezi tena kuniuliza kitu uso kwa uso.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji wala ya kuchagua marafiki. Mambo hayo unayajua kunishinda. Nataka nikusimulie habari ya Nomani, yule Mwingereza, pamoja na habari ya homa yako ya Salamabila. Zote mbili umezisikia tangu utotoni, na zote mbili nilikusimulia vibaya.

Unachojua ni kwamba mama yako alikuwa anafua nguo kwenye kambi ya kampani ya dhahabu kule Salamabila, akajifunza mchezo wa kurusha vishale ubaoni kwa Mzungu mmoja, akaitwa kwenda kushindana Kalemie, asiende kwa sababu mtoto wake aliugua. Mtoto huyo ni wewe, na ulikuwa na miaka mitano. Hadithi hiyo imekaa katika ukoo wetu kama kiti cha sebuleni, kila mgeni akija anakikalia.

Nomani alikuwa fundi wa mashine za kutoboa miamba, mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye kutembea polepole kama anayehesabu hatua. Kiswahili chake alikiokota migodini huko Tanzania. Siku ya kwanza alitupa "shikamoo" sisi wafuaji, wanawake wazima wenye mapovu mpaka viwikoni, tukacheka tukashika mbavu, maana kwetu nani anasema shikamoo? Naye akacheka pamoja nasi bila kujua tunachekea nini. Nikampenda hapohapo.

Wiki hiyohiyo alitundika ukutani kantini sahani kubwa nzito ya nyuzi za mkonge, yenye namba ishirini kuizunguka. Akapima kwa kamba kutoka ukutani, akachora mstari mweupe sakafuni. Kisha akawapa wenzake vishale, yeye akaketi na chai yake kutazama. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Kila wakipumzika wenzake wanarusha, yeye anawahesabia pointi kwa mdomo, upesi kuliko mashine ya muhasibu, lakini mkono wake haukugusa kishale hata kimoja.

Unanijua. Jambo la namna hiyo likiingia kichwani mwangu, linakaa kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Nikamwendea na kapu la mashuka kichwani.

"Muzee Nomani, umetundika ile kitu, mbona wewe haurushi?"

"Bega," akasema, akiligusa la kulia. "Bega mbovu."

Nikamwonea huruma. Lakini siku mbili baadaye nilimwona akipeleka chupa ya gesi jikoni, ameibeba juu ya bega lilelile la kulia, anapiga mluzi. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Ile bega inabeba gesi, halafu inashindwa kale kamusumari?"

Alicheka, hakujibu. Alifungua kijaluba chake, akanipa vishale vitatu, akanisimamisha nyuma ya mstari. Mimi nimekulia Lusangi, katika mashamba ya mpunga ya babu yako, na kazi yangu ya utotoni ilikuwa kufukuza ndege kwa madonge ya udongo tangu alfajiri. Ndege wa mpunga hakungoji ujipange. Kishale cha kwanza kiligonga ukuta, cha pili pia. Cha tatu kikaingia chini kidogo ya namba ishirini, kikatulia. Nomani alisema neno la Kiingereza nisilolijua, akavuta kiti karibu.

Tangu siku hiyo, nikimaliza kupiga pasi, alinifundisha. Nilimchosha kwa maswali, maskini. Kwa nini kishale ni kizito hivi wakati ni kidogo kama penseli? Akanieleza kwamba kinatengenezwa kwa chuma kinachotoka kwenye mawe meusi ya wolframu, yale yanayochimbwa hata kwetu Maniema. Nilikigeuzageuza mkononi nikijiuliza jiwe limesafiri wapi mpaka likarudi kwetu na ncha. Na kwa nini namba zimevurugwa, ishirini imekaa katikati ya moja na tano?

"Ili mwenye haraka apate hasara," akasema. "Ukikosa ishirini kidogo tu, unaokota moja."

Swali langu kubwa lilikuwa lingine. Aliniambia kwamba kwao alikuwa akiishi kwa kurusha vishale, na kwa miaka kumi na moja hakuwa na kazi nyingine. Niliweka pasi chini.

"Kazi? Ya kurusha tu?"

"Kurusha tu, Mama Mwamini."

Basi akanisimulia, siku kwa siku, na mimi nikipiga pasi mashati ya kambi nzima. Alizaliwa kaskazini mwa Uingereza, mji wa makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji chini ya ardhi. Aliyemfundisha vishale ni mama yake, kiongozi wa timu ya wanawake katika baa ya mtaa wao, na kila Jumamosi mama huyo alikuwa anamshinda baba mbele ya watu. Nilimwomba anirudilie kipande hicho mara mbili. Nomani akawa fundi kiwandani, jioni anashinda baa yake, kisha baa za jirani, kisha akaingia timu ya jimbo. Alipofika miaka ishirini na mitatu alimwandikia bosi wake barua ya mistari mitatu, akaacha kazi.

Miaka ya mwanzo alilala ndani ya gari lake dogo, anakwenda mji hadi mji, anashindwa raundi ya kwanza, anarudi. Alikuwa anafanya mazoezi saa sita kila siku. Alisema kwa kwenda ubaoni kuchomoa vishale na kurudi mstarini tu, alikuwa amekwisha kutembea kutoka kwao mpaka kwetu. Kisha mambo yakafunguka. Akaingia kwenye orodha ya wachezaji wakubwa, akaonekana kwenye televisheni, watu maelfu wanaimba jina lake ukumbini, wengine wamevaa kama kuku, wengine kama mapadri.

"Kama kuku?" nikauliza.

"Kama kuku. Watu wazima. Wenye kazi."

Nilicheka mpaka nikaunguza kola ya shati la mkubwa wa kambi.

Halafu ikaja robo fainali moja, kubwa kuliko zote alizowahi kufika. Katika mchezo huo unaanza na mia tano na moja, unapunguza kila unaporusha, na lazima umalizie sawasawa kwenye sifuri, tena kishale cha mwisho kiingie kwenye utepe wa nje, mwembamba kama ukucha, unaohesabu namba mara mbili. Nomani alibakiza thelathini na mbili. Kishale kimoja ndani ya utepe wa kumi na sita, na angekuwa ameshinda. Alipofika hapo katika kusimulia, alikoroga chai iliyokwisha kupoa.

"Bega likakatika," akasema. "Hapo hapo."

Nilimwamini nusu, kwa ajili ya ile chupa ya gesi. Baada ya hapo, alisema, alianguka kidogo kidogo, miaka minne, mpaka akawa anacheza katika kumbi za mazoezi zenye mbao arobaini ukutani, anashindwa na vijana wasiomjua jina. Akarudi kwenye ufundi, na ufundi ukamleta Afrika.

Mimi nilikuwa napanda. Nilimshinda mpishi, nikamshinda daktari wa kambi, nikamshinda fundi wa umeme aliyekuwa bingwa wao, naye akaninunia wiki nzima. Ndipo kampani ikatangaza mashindano ya makambi yake yote, yafanyike Kalemie. Nomani akaandika jina langu. Nilipomweleza baba yako, nilikuwa natazama chini.

"Utaenda na nani?" akauliza.

"Na Muzee Nomani na wengine watatu, kwa lori ya kampani."

"Basi enda. Miye na Mwamini tutapika sombe yetu." Akatoka. Jioni akarudi na viatu vyangu vipya, vya kufunga kamba, ili nisimame imara mstarini. Shika maneno hayo vizuri, maana umesikia mengine juu ya baba yako.

Wiki moja kabla ya safari ulishikwa na malaria kweli. Siku tatu ulikuwa unatetemeka. Muuguzi akakupa dawa, na Ijumaa akasema umepona. Jumamosi ulikula kama kawaida. Jumapili ulimfukuza mbuzi wa jirani mpaka akakata kamba.

Jumatatu asubuhi nilivaa, nikafunga viatu, nikafungua mlango. Lori lilikuwa linanguruma kule kambini, nililisikia. Miguu ikakataa kuvuka kizingiti. Sijui nikuelezeje. Niliona ukumbi wa Kalemie ambao sijawahi kuuona, nikaona watu wamesoma kuliko mimi, nikasikia wakicheka mfuaji na madonge yake ya ndege. Hakuna aliyekuwa amenicheka bado. Wewe ulikuwa uani unatafuna muwa. Nikakuita.

"Ingia, lala."

"Mama, siko mugonjwa."

"Nyamaza. Lala."

Nikakufunika blanketi mbili, Mwamini, na jua limeshapanda. Dereva alipotuma mtu, nilisimama mlangoni nikasema, "Mutoto iko na homa kali sana. Siwezi kumuacha." Na sauti yangu ilitetemeka vizuri, kama ya mama mwenye mgonjwa.

Baada ya kitambo kidogo nikamwona Nomani anakuja kwa miguu, na kipima joto na dawa kutoka kwa daktari wa kambi. Aliingia, akainama kitandani. Ulikuwa umelowa jasho, na kipande cha muwa kiko chini ya shuka. Ukamwambia, "Miye ni muzima. Ni mama amekataza nicheze."

Hakukutia kipima joto. Alitoka nje, akageuza kinu, akakikalia. Lori likapiga honi mara mbili, akaliashiria kwa mkono liende. Wale watatu wakaenda bila yeye. Nilikaa mbele yake kama mtu anayengoja kesi.

"Bega langu halikuwahi kuwa na kitu," akasema.

Ndipo nikasikia hadithi ya kweli. Usiku ule wa robo fainali alitaka kuachia kishale, na vidole havikufunguka. Alivuta mkono, akausogeza mbele, vidole vimeshika. Akajaribu tena. Ukumbi ukanyamaza, halafu watu wakaanza kucheka wakidhani anatania. Kwao ugonjwa huo una jina, wanaujua wachezaji, na hakuna anayejua unatoka wapi. Mkono ni mzima, unashika kikombe, unaandika, unapeana salamu. Kwenye kile kitu kimoja unachokipenda, unakataa.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Nitasemaje? Watu wanaelewa bega. Nani anaelewa mkono unaokataa?"

Akafunga bega lake kitambaa. Akawaambia waandishi wa habari, akamwambia hata mkewe. Miezi minane mke huyo alikuwa anamfunga vifungo vya shati kila asubuhi, akijua mumewe hawezi kuinua mkono. Siku moja akarudi nyumbani mapema, akamkuta amebeba kabati peke yake.

"Hakunikasirikia juu ya mkono," Nomani akasema. "Alinikasirikia juu ya vifungo."

Ndani nilikusikia ukigeukageuka kitandani. Kisha akainuka, akapangusa suruali.

"Leo mguu wako umekataa. Hiyo si dhambi. Lakini toa zile blanketi, Mama Mwamini, mtoto anapikika. Na kesho uwaambie."

Blanketi nilizitoa. Kuwaambia sikuwaambia.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, usilitafute mahali pengine. Kuogopa nimeshajisamehe. Lakini jioni ile majirani walikuja na machungwa kumtazama mgonjwa, nikayapokea. Mwezi uliofuata watu wakaanza kusema, "Homa ilikuwa kisingizio tu, ni mumewe aliyemkatalia, ana wivu juu ya yule Muzungu." Nikanyamaza, maana hadithi hiyo ilinisitiri vizuri kuliko ya kwanza. Nikamwacha baba yako aitwe mwenye wivu, na wewe uitwe mtoto aliyemzuia mama. Kambi ikafungwa, Nomani akaondoka, tukahamia Kasongo, na hadithi ikapanda moto pamoja nasi.

Sikuacha kuuliza, lakini niliuliza kwa kuzunguka. Nilimwuliza muuguzi kama mkono mzima unaweza kukataa, akanipa vidonge vya usingizi. Mshonaji mmoja mzee karibu na msikiti aliniambia kwamba mara moja, mbele ya kitambaa cha harusi, mkasi wake uligoma mkononi nusu siku, mpaka akamwita mwanafunzi wake akate. Mpiga ngoma wa kanisani kwetu alinitazama tu, akasema, "Nani amekuambia habari zangu?" Kumbe wako wengi, Mwamini. Kila mmoja amefunga bega lake kitambaa. Mpaka leo sijui ugonjwa huo unakaa sehemu gani ya mtu. Wewe unakwenda kusomea miili ya watu. Ukiipata siku moja, uniandikie.

Sasa nikwambie kwa nini nakuandikia leo. Wiki tatu zilizopita ulikuwa unachambua mchele na mama mkubwa wako, mimi niko nyuma ya ukuta. Ulisema, "Mama aliacha Kalemie juu yangu. Miye nitaenda Kisangani, lakini Noeli nitarudi, sitaenda tena. Mugongo yake inamuuma, nani atamuangalia?" Na mama mkubwa akakusifu kwamba una moyo wa shukrani.

Nilirudi ndani nikakaa kitandani. Unataka kulipa kitu ambacho hukukichukua.

Jumapili, baada ya misa, nilimwambia baba yako kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila namna ya hasira. Alikuwa anapangusa moto, hakuacha kupangusa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Ile Jumatatu. Mutoto wa homa hapana kutafuna muwa."

"Na ulipoitwa mwenye wivu?"

"Nilingoja useme weye mwenyewe." Akasuuza kitambaa, akakikamua. "Ila umekawia sana, mama."

Chakula cha mchana alikula kidogo. Nilitamani angepiga kelele. Usiku huo hakuongea, na asubuhi aliniuliza kama chai iko tayari, nikajua tutavuka. Miaka yote hiyo amebeba neno lisilo lake, na bado najiuliza alikuwa analiweka wapi.

Jana sokoni Mama Shabani, yule tunayeuza naye mchele bega kwa bega, akaanza mbele ya wote: "Ajabu! Mume aliyekukatalia Kalemie, leo anaachilia binti mpaka Kisangani?" Wanawake wakacheka. Mkono wangu ulikuwa na kopo la kupimia, nikaliweka chini.

"Hakunikatalia," nikasema. "Alininunulia viatu. Na mutoto hakuwa mugonjwa. Niliogopa."

Mnunuzi mmoja akaangalia pembeni. Mama Shabani alinitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila kejeli yoyote, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Na ungeenda, ungeshinda?"

"Sijui," nikamwambia.

Ndilo neno zito kuliko yote niliyosema jana. Nilirudi nyumbani nalo. Ningeshindwa raundi ya kwanza, leo ningekuwa nakusimulia tukicheka. Ningeshinda, ningekuwa nakusimulia pia. Lakini sina la kusimulia, kwa kuwa sikuvuka mlango.

Mgongo wangu unauma, hiyo ni kweli, na uliuma kabla hujazaliwa. Baba yako yupo, dada yangu yupo, na Mama Shabani tangu jana ananibebea gunia bila kuombwa. Nenda kaone Kisangani ikoje. Pengine utaipenda. Pengine masomo yatakuwa magumu, pengine siku moja utasimama mbele ya mlango wa darasa na miguu ikakataa. Ikikataa, kaa chini kidogo. Mwambie mtu mmoja, yeyote, hata mgeni. Na kama mwishowe utaamua kurudi, njoo. Chumba chako sitakipangisha. Ila ukifika, usiniambie umerudi kwa ajili ya mgongo wangu. Simama uani, useme, "Mama, niliogopa," au "Mama, sikupenda." Nitakupakulia chakula, nitakaa karibu yako, nitakuuliza yote, tangu mwanzo, na sitachoka kusikiliza.

Nasikia pikipiki ya baba yako inapanda kilima. Ngoja nizichane kurasa hizi kabla hajaingia.

Mungu akutangulie barabarani na kwenye maji, mwanangu, mama yangu mdogo.

Mimi niliyekuzaa.